Larcos Halikuwa Kosa la Tahajia

Kuna historia moja ya mpira wa kwenye skrini ambayo imesimuliwa mpaka imekuwa kama dua, kila mtu anaijua kwa moyo na hakuna anayeihoji. Inaanza Desemba 1993, pale kampuni ya Marekani iitwayo Electronic Arts ilipotoa FIFA International Soccer kwa ajili ya mashine ya Sega, kamera ikitazama uwanja kwa mshazari kutoka juu. Kisha inaruka hadi FIFA 96 iliyoleta majina halisi ya wachezaji. Kisha toleo jipya kila mwaka, kila mwaka, kila mwaka. Kisha 2023 ndoa ya kampuni na shirikisho inavunjika, mchezo unaitwa EA Sports FC, tunapewa pole, mwisho. Vijana wetu wanaoandika kuhusu magemu kwa Kiswahili wanaichukua hivyo hivyo ilivyo, wanaitafsiri, wanaitundika mtandaoni, wanapigiwa makofi.

Mimi nimekulia Buseresere, na ninasema historia hiyo ni ya jirani. Tunamheshimu jirani, lakini hatulali kwake.

Historia yetu inaitwa Winning Eleven. Na kabla hujaniambia kwamba hapa ni mahali pa vitabu na mashairi, si mahali pa magemu, naomba univumilie, kwa sababu ugomvi wangu leo uko na watu wa vitabu hasa. Wale wengine nawagusa tu nikipita.

Kwa wasiopajua: Buseresere imegusana na Katoro kiasi kwamba mgeni akishuka kwenye basi hajui yuko upande upi. Leo zote ziko mkoa wa Geita, lakini mkoa huo ulianzishwa 2012. Enzi ninazozisema, Katoro ilikuwa Mwanza na sisi tulikuwa Kagera, wilaya ya Biharamulo, kabla Chato haijawa wilaya. Yaani ulikuwa unatoka kununua sukari unahama mkoa. Dhahabu ilikuwa imeshavuta watu kutoka kila kona: Wasukuma, Wazinza, Wasubi, Waha, Wahaya, Wakurya, Wachaga na maduka yao. Karibu na soko kulikuwa na vibanda vya mabati vyenye TV ya chogo ya inchi 14, jenereta nyuma inanguruma, na PlayStation ya kwanza iliyopinduliwa kichwa chini miguu juu kwa sababu lenzi ilikuwa imechoka na hakuna fundi wa karibu wa kuitengeneza. Mechi moja shilingi 100. Aliyefungwa anapisha. Wateja walikuwa sisi wa shule ya msingi na kaka zetu waliotoka mialoni na vumbi la makarasha bado liko kwenye nyusi.

CD haikuwa na jalada. Ilikuwa imeandikwa kwa maka peni: WINING 2002. N moja. Ndiyo nakala iliyotufikia, World Soccer Winning Eleven 2002 ya Konami, toleo la Japani, limenakiliwa na kunakiliwa tena mpaka hakuna anayejua lilipita mikono mingapi.

Sasa nasaba yake, kwa kifupi, maana wapo wanaodhani mchezo huu ni mdogo wake FIFA. Kabla ya wote hao kulikuwa na Waingereza. Dino Dini alitoa Kick Off mwaka 1989, mpira usioganda mguuni, unaokimbia mbele yako kama unakuchokoza. Jon Hare na wenzake wa Sensible Software wakatoa Sensible Soccer mwaka 1992, vijitu vidogo kama siafu vinavyoonekana kutoka juu, na 1994 wakaongeza Sensible World of Soccer yenye timu zipatazo 1,500 na wachezaji wapatao 27,000. Japani nako Konami walitoa International Superstar Soccer kwa ajili ya mashine ya Nintendo, kazi ya tawi lao la Osaka, miaka hiyo hiyo ya 1994 na 1995. Tawi la Tokyo, nyumba ileile lakini chumba kingine, likaanza na J.League Winning Eleven ya PlayStation mwaka 1995. Mchezo huo ulipopelekwa nje ukaitwa Goal Storm. Ule uliofuata, wa 1997, nje uliitwa ISS Pro, jina la kuazima kutoka kwa ndugu wa Osaka. Baadaye nje ukaitwa Pro Evolution Soccer, ile PES mnayoijua. Kwa hiyo kitu kimoja kina majina matatu manne, kama mtu aliyebatizwa, akasilimu, akarudi kwa bibi akapewa jina la ukoo. Mkuu wa jikoni kwa miaka mingi alikuwa Shingo Takatsuka, ambaye wapenzi wa mchezo walimwita Seabass.

Hapo ndipo naleta kisa ambacho kinapaswa kuwakosesha usingizi watu wa fasihi. Mwaka 2007, Henry Lowood wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake wanne walitangaza orodha ya magemu kumi yanayostahili kuhifadhiwa kama urithi, kwa mfano wa ile orodha ya filamu inayosimamiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Kumi tu. Tetris imo, Doom imo, SimCity imo. Mchezo wa mpira ni mmoja: Sensible World of Soccer. Wenzetu wameshakaa chini wakajenga kanoni, neno lilelile tunalogombania kwenye semina tukijadili kama Shaaban Robert anatosha au hatoshi. Sisi hatujaandika hata kwenye daftari kwamba Winning Eleven ilipita hapa.

Twende kwenye majina, maana hapo ndipo kesi yangu ilipo.

Konami hawakuwa na leseni za kutosha. EA walikuwa nazo. Basi Konami wakafanya kile ambacho kila mtunzi aliyewahi kuogopa kushtakiwa hufanya: wakabadilisha herufi. Roberto Carlos akawa Roberto Larcos. Waholanzi katika toleo fulani waliitwa machungwa wenye namba, mmoja baada ya mwingine, kama wafungwa. Liverpool baadaye ikawa Merseyside Red, Everton ikawa Merseyside Blue, Manchester United ikawa Man Red. Kwenye ule mchezo wa Osaka Brazili ilikuwa na mshambuliaji anaitwa Allejo, mtu asiyekuwepo, na Wabrazili wa rika letu wanamkumbuka kuliko wachezaji wengi waliokuwepo.

Wanahistoria wa upande wa FIFA wanacheka hapa. Kwao hayo ni mapungufu, ni aibu ya maskini asiye na fedha za kununua majina. Mimi nawauliza nyinyi mliosoma Nadharia ya Fasihi: orodha ya majina halisi yenye tarehe za kuzaliwa inaitwaje? Inaitwa rejista. Iko kwa mtendaji wa kata. Na mtu uliyemchukua kwenye maisha, ukamgeuza jina, ukamwacha na mguu wake wa kushoto na mapaja yake, ukampa mtazamaji kazi ya kumtambua, huyo anaitwaje? Huyo ni mhusika. Larcos halikuwa kosa la tahajia. Lilikuwa lakabu, na Mtanzania haitaji kufundishwa lakabu. Mtoto wa miaka kumi pale kibandani aliona paja, aliona shuti, akasema "huyu Carlos huyu wamemficha," akawa ameshafanya kazi ya msomaji.

Kisha kuna wale waliozuliwa kabisa. Kuna ligi ndani ya mchezo huo iitwayo Master League, iliyoanza kwenye toleo la 1999. Unapewa timu ya wachezaji wasiojulikana: kipa Ivarov, beki wa hapa na pale, Ximelez wa pembeni, Minanda kiungo, Castolo mbele. Hawa hawana klabu uliyoijua waliyotoka. Wanachoka dakika ya 60. Unashinda kidogo kidogo, unapata pointi, na pointi ndizo fedha za kununua wachezaji wa maana. Na hapo ndipo moyo unapovunjika, maana sasa una uwezo wa kumleta mtu mkubwa, na nafasi yake ni ya Castolo, na Castolo ndiye aliyekufikisha hapo. Nimeona kaka mmoja, mtu mzima, mchimbaji mwenye mikono kama gome la mti, amekaa na pedi dakika nzima hawezi kubonyeza. Mwisho alimwacha Castolo abaki. "Huyu nimetoka naye chini," alisema, na hakuna aliyemcheka, kwa sababu kila mtu mle ndani alijua habari za kutoka chini na mtu duarani halafu mmoja akapata na mwingine akasahauliwa.

Nionyesheni riwaya ya Kiswahili ya miaka hiyo iliyolizungumza jambo hilo kwa vijana wa Geita. Nawasubiri. Mimi nimetafuta.

Suala la kusoma nalo. Wanasema magemu yaliua usomaji. Kuna mhadhara mmoja niliwahi kukaa, simtaji aliyeutoa wala mahali, ambapo mzungumzaji alisema kizazi cha pedi ni kizazi kilichopoteza macho ya kusoma. Ningependa angetuona. Menyu yote ilikuwa Kijapani. Hakuna aliyejua herufi hata moja, wengine hata za Kiswahili walikuwa bado wanazitafuta. Lakini kila mtu alijua kwamba ya tatu kutoka juu ni ya kubadilisha mchezaji, na ile yenye alama kama nyumba iliyokosa mlango ni ya mfumo wa uchezaji, na ukikosea ukaingia ile ya chini kabisa unafuta ligi ya mtu na utapigwa. Tulijenga kamusi nzima kichwani. Wadogo walifundishwa na wakubwa kwa mdomo, bila daftari: "Anko, hapa nabonyeza nini?" "Shuka mara mbili, kulia, usiguse hiyo nyingine." Ukitaka kujua jamii inavyosoma maandishi ambayo hayakuandikwa kwa ajili yake, pale ndipo palikuwa maabara.

Na sauti. Mtangazaji wa mfululizo ule kwa miaka mingi alikuwa Jon Kabira, mtu wa redio wa Japani. Kabira! Jina ambalo ukilisikia kwetu utadhani ni mtu wa Bukoba, au ana nduguye Kampala. Hatukujua anachosema, lakini tulijua anapopandisha ni hatari, anapovuta ni goli, na watoto wa sokoni walikuwa wanamwigiza kwa Kijapani cha kubuni, silabi zikipangwa kwa mdundo. Mnaita nini hiyo kwenye silabasi? Mimi nilifundishwa kwamba ni utendaji, na kwamba fasihi simulizi haiko kwenye maneno peke yake, iko kwenye fanani na hadhira na mahali. Nikajibu mtihani hivyo, nikapata alama. Lakini kumbe ukichukua ufafanuzi huohuo ukaupeleka kibandani, wenye silabasi wanakukunjia uso.

Haya, nawaletea mfano wa nyumbani ili msiseme nimelewa Ujapani. Usukumani kuna ushindani wa ngoma wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyopewa asili yake kwa mafundi wawili wa ngoma wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Vinasimama uwanja mmoja, kila upande unapiga ngoma yake, unaimba nyimbo za kumtoa mwenzake thamani, na mshindi ni yule aliyevuta umati upande wake. Watafiti wamekuja kutoka mbali kuandika habari hizo. Padri David Clement, Mkanada, alianzisha makumbusho ya Bujora pale Kisesa, na kila Juni kuna tamasha la Bulabo. Safi kabisa, na naunga mkono. Lakini mjukuu wa mcheza Bagalu alipokaa kwenye benchi la kibanda akamtungia mpinzani wake maneno ya kumkejeli, papo kwa papo, huku umati unahama nyuma ya kiti cha anayeshinda, ghafla hiyo si ngoma tena, ni "kupotea kwa maadili". Nimesikia matambo kibandani yenye vina kuliko mashairi mengi yanayotumwa kwa wahariri. Siwezi kuyanukuu hapa kwa sababu mengi yanahusu mama za watu. Ila mlumbi ni mlumbi.

Mnisamehe nikiwakumbusha habari ya jirani yetu wa ziwani, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe. Rosa Mistika ilitoka 1971, ikapigwa marufuku shuleni kwa muda kwa hofu ya kuharibu vijana, na baadaye ikaingia mle mle shuleni kama kitabu cha kusomwa. Walinzi wa maadili wa wakati ule walikuwa na uhakika kama walio nao hawa wa leo. Sisemi Winning Eleven ni Rosa Mistika, acheni kelele. Nasema hofu inafanana, na ile ya kwanza tumeshaona ilivyoishia.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito, na sitaikwepa. Ni ya wizi. Waandishi wa Kiswahili tunalia kila siku kuhusu vitabu vyetu kutolewa fotokopi na kuuzwa kwenye ngazi za chuo, tunaitaja Sheria ya Hakimiliki ya 1999, tunakimbilia COSOTA, halafu hapa natukuza CD iliyoandikwa kwa maka peni. Ni kweli iliibwa. Konami hawakupata hata senti tano kutoka Buseresere, na Takatsuka hajui kwamba tulikuwepo. Lakini angalieni vizuri nani alikuwa amefungiwa mlango. Hakuna duka, si Katoro, si Geita mjini, si hata Mwanza kwa ninavyojua mimi, lililokuwa linauza nakala halali kwa bei ambayo mwenye kibanda angeweza kuirudisha kwa shilingi mia mia. Toleo letu halikuwa limekusudiwa kutoka nje ya Japani kabisa. Kitabu changu kikitolewa fotokopi mbele ya duka linalokiuza, nimeibiwa mteja. Pale kwetu hakukuwa na mteja wa kuibiwa. Nakubali wizi ni wizi, na mwandishi anayeishi kwa jasho lake ana haki ya kukasirika. Ila historia ya kazi ya sanaa ni pamoja na njia ilizopita, na hii ilipita njia ya panya. Ukiandika historia ya njia kuu peke yake, umeandika historia ya wenye leseni.

Ndiyo maana nasema historia ya FIFA tunayoiimba ni historia ya mikataba. Nani alisaini na nani, mwaka gani, kwa shirikisho lipi. Na nawapa haki yao: ile ya 1997, FIFA iliyoitwa Road to World Cup 98, iliweka timu za taifa zaidi ya 170, jambo ambalo Konami hawakulifanya. Nchi ndogo ziliingizwa, na walioifanya wanastahili sifa. Lakini haikufika kibandani kwetu, na hata kama ingefika, sisi tulikuwa tumeshajifanyia wenyewe. Winning Eleven ilikuwa na sehemu ya kuhariri majina. Mwaka 2003 Simba walipomtoa Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, kwa penalti kulekule Cairo, Juma Kaseja golini, haikupita wiki timu moja kwenye memori kadi ya kibanda ikawa na kipa KASEJA. Herufi moja moja, kwa pedi, kwenye kibodi ya skrini ambayo nusu yake ni Kijapani. Wa Yanga hawakukubali, wakachukua timu nyingine wakaandika ya kwao. Nani aliwaambia? Hakuna. Walikuta kitabu kina mahali patupu, wakaandika.

Memori kadi ile ilikuwa na uwezo wa kilobaiti 128. Picha moja ya simu ya leo haitoshi humo. Ndani yake kulikuwa na ligi za watu kadhaa, Castolo wa yule kaka, Kaseja, na ugomvi wa Simba na Yanga wa msimu mzima. Nimeulizia. Kibanda hakipo, mwenyewe alihamia kwingine, na kadi hakuna anayejua. Hiyo ni nyaraka iliyopotea, na hapa kwetu hakuna maktaba wala idara ya chuo iliyowahi kufikiri kuitafuta, kwa sababu walikuwa na mikutano ya kujadili kufa kwa fasihi simulizi.

Na mahali pa kibanda pamejaa nini? Nendeni mkaone. Mashine za dubwi zinazomeza sarafu, na vyumba vya kubeti. Wale waliopiga kelele kwamba gemu ni kamari wamepata kamari yenyewe sasa, halali, ina risiti. Kwenye gemu ulilipa mia ukapata dakika kumi za kutumia akili na mikono yako, ukifungwa umefungwa na mtu unayemwona, unamjua kwao. Kwenye mkeka unafungwa na hesabu. Mwaka 2017 kampuni ya kubeti ya SportPesa ikawa mdhamini wa Simba na Yanga kwa pamoja, na Julai ile ile ikawaleta Everton Dar es Salaam kucheza na Gor Mahia ya Kenya. Wayne Rooney akafunga kutoka mbali, goli lake la kwanza tangu arudi klabu yake ya utotoni. Nchi nzima ilipiga kelele. Mimi nilitazama na wenzangu wa zamani, na mmoja akasema kwa sauti ya kuchoka: "Kumbe Merseyside Blue wapo kweli." Tukacheka sana. Lakini jezi iliyokuwa mbele yetu ilikuwa na jina la kubeti kifuani, na vijana waliokaa sakafuni hawakuelewa tunacheka nini. Wao walikuwa wanaangalia odi kwenye simu.

Kwa hiyo ombi langu kwa watu wa fasihi ni la kazi, si la huruma. Mna wanafunzi wa shahada wanaotumwa kila mwaka vijijini kukusanya methali ambazo zimeshakusanywa mara arobaini. Watumeni Katoro, Buseresere, Runzewe, Kahama, wakakae na watu wa miaka thelathini na tano hadi arobaini na tano. Wawaulize majina ya miguu: kila pigo la mpira lilikuwa na jina lake pale, na majina ya Katoro hayakuwa ya Buseresere, ingawa ni kuvuka barabara. Wawaulize Kabira alikuwa anasema nini, kwa kubuni kwao. Wawaulize matambo, na wawe na ujasiri wa kuyaandika na yale ya mama za watu. Na wale wanaoandika magemu kwa Kiswahili waache kututafsiria mikataba ya EA, waandike habari za CD zilivyosafiri.

Tena wasidhani imekwisha, imehamia kwenye simu. Geita Gold walipopanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22, George Mpole alimaliza akiwa mfungaji bora, mabao 17, moja zaidi ya Fiston Mayele wa Yanga, na timu ikaenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Misimu miwili baadaye, 2024, ikashuka daraja. Mwaka jana nilikuwa nyumbani nikamkuta dogo mmoja nje ya duka la miamala anacheza PES ya kwenye simu, moja ya zile zilizofanyiwa ukarabati na vijana wa hapahapa, timu za Tanzania zimeingizwa, jezi zimechorwa upya. Nikamuuliza nani alimwekea. Akasema, "Kaka, hii nimeihariri mwenyewe, ya kule mtandaoni ilikuwa haina Geita." Nikachungulia. Geita Gold ilikuwa Ligi Kuu, nafasi ya pili. Mpole alishahama zamani, lakini mle ndani alikuwa mbele, na jina lake lilikuwa limeandikwa MPOLLE, L mbili. Nikamwambia amekosea. Akanitazama, akasema hajakosea, ya L moja ilikuwa inagoma.